Siku Aliyogonga Rozwudi Macho Wazi

Mume wangu huchagua mbao akiwa amefumba macho. Anayemwona mara ya kwanza hudhani anaomba. Huishika mbao kwenye kona kwa vidole viwili, akaiacha ining'inie, akaigonga mara moja kwa kifundo cha kidole cha kati, kisha akatega sikio mpaka sauti iishe yote. Zamani, nilipokuwa bado namcheka, nilimuuliza kwa nini haangalii kitu anachonunua. "Nikiiangalia nitaipenda," alisema, "na nikishaipenda sitaisikia." Sikumcheka tena.

Kwa hiyo Alhamisi ile alipoigonga mbao ya rozwudi macho yake yakiwa wazi kabisa, niliona. Niliona, nikanyamaza, na kunyamaza huko nimekujutia kuliko kelele zote nilizowahi kupiga, na mimi ni mtu wa kelele.

Sisi hutengeneza magitaa. Karakana yetu iko Dagoretti Corner, nyuma ya safu ya maduka, katikati ya mafundi wa vitanda na makochi. Ni chumba cha mabati ambacho Januari kinatuchoma na Julai kinatugandisha. Mume wangu alitoka magharibi mwa nchi, kule ambako gitaa lilipigwa kwa vidole viwili huku mwenzako akigonga chupa ya soda, na gitaa lake la kwanza lilikuwa debe la mafuta ya kupikia. Mimi pia ni wa huko, ila sikuja na muziki, nilikuja na mikono. Yeye huchagua mbao mwanzoni na kufunga nyuzi mwishoni. Yote ya katikati, kupasua, kuranda, kukunja mbavu za gitaa kwenye bomba la moto, gundi na msasa, ni mimi. Wateja wakija wanamwita yeye fundi. Mimi wananiuliza kama kuna choo.

Tuna sheria moja tu pale ndani. Mbao ikichaguliwa hutiwa msalaba mdogo wa penseli kwenye kona, na ikishatiwa msalaba hakuna mjadala. Sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe, baada ya sisi kugombana juu ya kipande cha mvule mpaka gundi ikatukaukia kwenye kopo. Msalaba ni wake. Mimi sijawahi kuuchora.

Masikio yake yalianza kwenda polepole. Jirani yetu ana mashine ya kupasua mbao, na tumeishi kando ya mashine hiyo miaka ishirini na zaidi, sasa utamlaumu nani? Mwanzoni redio ikawa inapanda sauti yenyewe. Kisha kanisani akawa bado anaimba ubeti wenzake wakiwa wamekwisha kuketi. Halafu likaja lile neno lake, "eeh". Nikimwambia sukari imeisha, eeh. Nikimwambia dada yake amelazwa, eeh. Haki ya Mungu, kuna siku nilimwambia nyumba inaungua, akasema eeh na kuendelea kunywa chai. Nikawa napayuka kutwa nzima, hata jirani wa makochi akanivuta kando kuniuliza mzee amenikosea nini. Usiombe kuishi na mtu unayempenda kwa kumpigia kelele. Unachoka koo, unachoka na moyo.

Mwaka jana nilimpeleka mjini kwa nguvu. Ilikuwa kliniki moja katikati ya jiji, orofa ya nne, lifti imekufa, tukapanda ngazi huku yeye akinung'unika na mimi nikijifanya sisikii, zamu yangu hiyo. Wakamketisha kwenye kibanda cha kioo, wakamvisha visikilizio, wakampa kidude cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Nilikaa nje nikimtazama kupitia kile kioo. Alikuwa anabonyeza vizuri sana. Nikaanza kufurahi, nikawaza kumbe ni ukaidi tu wa wanaume. Halafu nikaona anakoangalia. Alikuwa anaangalia mkono wa muuguzi. Mkono ukigusa mashine, anabonyeza. Muuguzi naye hakuzaliwa jana, akageuza kiti, akampa mgongo, akaendelea na kazi. Kidole cha mume wangu kikatulia juu ya kidude, na kikakaa hivyo muda mrefu mpaka nikaamua kuangalia ukutani.

Alipotoka alikuwa na karatasi mkononi. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa koti.

"Wanasema ni nta tu," akaniambia.

Nilikuwa na maneno mengi, lakini kulikuwa na ngazi za kushuka. Tukashuka.

Utasema ningemkabili pale pale. Ni rahisi kusema. Kazi ya huyu mzee ni ile mbao inayoning'inia vidoleni mwake. Ukimwondolea hiyo anabaki nani, mtu wa kufagia vumbi la msasa wangu? Lakini nikinyamaza, siku moja tutamuuzia mtu gitaa zuri lisilolia, na jina letu litaishia hapo. Kilichozidi kunichanganya ni kwamba magitaa yaliendelea kutoka mazuri. Lile tulilotengenezea kanisa moja la mtaa wa Karen, baada ya kliniki, lilikuwa bora kuliko yote tuliyowahi kutengeneza. Nikajiambia labda anaisikia mbao kwa vidole. Nikajiambia mambo mengi, maana nilikuwa nimechoka na hilo ndilo lililokuwa jepesi kuamini.

Ni gitaa hilo la kanisani lililotuletea mama mmoja wa mtaa wa Loresho. Alikuwa mstaafu, mjane, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuja karakana, akafuta benchi kwa leso, akaketi.

"Nataka langu," alisema. "Si la mtoto, si la mjukuu. Langu. Nilijifunza nikiwa msichana shuleni, nikaolewa na mtu asiyependa makelele. Mungu amrehemu. Sasa nyumba iko kimya, na vidole vimeanza kukakamaa, kwa hiyo msinikawize."

Akatoa simu, akatuonyesha picha ya mgongo wa gitaa la rozwudi, ile mbao nyekundu inayokaribia weusi ambayo ukiikata inanukia tamu. Ya kwenye picha haikuwa rozwudi ya kawaida. Ilikuwa na mawimbi toka juu hadi chini, yaani kama maji ya karai ukiligusa kwa mguu.

"Lipendeze hivi," akasema, "na lilie kama lile la Karen. Yote mawili."

Nikamrudia mume wangu maneno hayo, kwa sauti ya mnadani. Mama yule akaiangalia simu yake kana kwamba hakusikia ninavyopayuka, na kwa hilo nilimpenda.

Sasa, mawimbi yale ni mtego. Mbao inapata mawimbi kwa sababu nyuzi zake zimepinda, haziendi moja kwa moja. Zikipinda kidogo, mbao inapendeza na bado inalia. Zikizidi, sauti inapotelea humo humo ndani. Ndiyo maana mume wangu alikuwa akifumba macho.

Muuza mbao wetu ni mwenyeji wa huku huku, anauzia kwenye kiwanja cha babu yake, chini ya banda refu lisilo na taa. Rozwudi haipatikani ovyo siku hizi, lakini yeye alikuwa na uso wa meza kubwa ya kulia chakula iliyotoka kwenye nyumba ya zamani ya Karen, imevunjwa wajenge maghorofa. Alikuwa ameukata vipande vitatu. Mume wangu aliingia ndani kwenye giza. Mimi siku hiyo nilibaki mlangoni kwa sababu vumbi la pale lilikuwa linanikohoza.

Kipande cha kwanza kilikuwa na nyuzi zilizonyooka, hakina wimbi hata moja. Alikigonga, na sauti ikatoka ndefu, safi, ikakaa hewani mpaka muuza mbao akaacha kutafuna miraa yake. Cha pili kilikuwa na mawimbi madogo upande mmoja. Nacho kililia vizuri, si kama cha kwanza, lakini vizuri. Hapo ndipo nilipogundua kwamba macho yake yako wazi, tena yameelekea mlangoni. Nikadhani anaangalia mwanga.

Akainua cha tatu. Ala! Hicho kilikuwa mawimbi matupu, kila ukikigeuza kinacheza. Muuza mbao akaona nimekodoa macho, akapata la kusema.

"Mathe, hii iko na maua kushinda kitenge yako," akasema. "Na cheki buda vile anaigonga! Ni kama anabisha kwa wakwe na hajabeba hata mkate."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka wiki nzima, nikacheka mpaka nikashika nguzo ya mlango. Na katikati ya kicheko hicho kidole kikatua kwenye mbao, nikaisikia. Du. Ni kama mtu amegonga katoni iliyolowa. Kicheko kikanikauka mdomoni. Lakini mume wangu alikuwa anatabasamu kule gizani, amekwisha kutoa penseli sikioni, amekwisha kuinama juu ya kona ya ile mbao.

Msalaba ukachorwa. Nikafunga mdomo.

Njiani nilimwacha atangulie. Nilikuwa na hasira zangu, nikimwona mzee mzima aliyefundisha watu kufumba macho, leo ameuza sikio lake kwa maua. Yeye alibeba mbao begani akipiga mluzi wimbo wa kwao. Aliupiga vibaya, ameupandisha mno, na hakujua.

Nilijaribu kuiamsha ile mbao. Nikaipasua katikati, nikaifungua kama kitabu ili mawimbi ya kulia yatazamane na ya kushoto. Yalipokutana pale katikati, mafundi wa makochi walikuja mmoja mmoja kuangalia. Mume wangu akapitisha kitambaa chenye maji ili rangi itoke.

"Nzuri, eh?" akasema.

"Nzuri," nikasema, na sikuwa nimedanganya.

Nikairanda ipungue unene, nikijua kwamba mbao nyingine hufunguka zikiwa nyembamba. Kila alipotoka kwenda kunywa chai, nilikuwa naigonga. Kwenye kona, du. Katikati, du. Niliigonga siku tatu kama mtu anayeita jina la mgonjwa, mpaka kifundo changu kikavimba. Siku ya nne nilikuwa nimekwisha kuchora umbo la gitaa juu yake, na lililobaki ni msumeno. Nikauweka kwenye mstari. Mkono ukakataa.

"Nini?" akaniuliza toka mezani kwake.

Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, bila kuinua uso, kwamba mbao haifai.

"Eeh," akasema.

Basi hapo kitu kikakatika ndani yangu. Mashine ya jirani ilikuwa inanguruma, nami nikavuta pumzi nipite juu yake, nikapiga yowe, "Hiyo mbao imekufa! Imekufa, baba watoto, na wewe husikii! Husikii kitu!" Na shetani hakosi kazi, mashine ikazimwa katikati ya sentensi. Maneno yale yakaenda peke yake mpaka barabarani. Mafundi wote wa makochi wakageuka kututazama, misumari midomoni.

 Mume wangu akaenda akafunga mlango wa mabati, taratibu, akarudi akaketi kwenye kigoda.

"Lakini ulicheka," akasema.

"Nilicheka nini?"

"Kwa muuza mbao. Nilipoigonga hii, ulicheka."

Nikaanza kumweleza habari za wakwe na mkate, kwa ishara na kwa kelele, na nikiwa katikati ya upuuzi huo ndipo nikaelewa.  Nikaketi juu ya mafungu ya mbao.

"Tangu lini?" nikamuuliza, na safari hii alinisoma midomo.

"Mwaka wa pili huu," akasema. "Mbao ikiwa nzuri, wewe huinua nyusi kidogo, halafu mdomo unalegea. Ikiwa mbaya unaangalia viatu. Hujawahi kukosea."

"Lakini ulikuwa unafumba macho!"

"Nilikuwa nachungulia. Siku ile ulisimama mlangoni, jua liko nyuma yako, uso wote giza. Ikabidi nifungue. Nikaona meno tu."

"Na lile la Karen?"

"Lile?" Akacheka kidogo. "Lile uliinua nyusi mpaka nikaogopa."

Nilikasirika kwanza, nisiseme uongo. Tangu kliniki nabeba siri ya mtu, nameza maneno, najiona mimi ndiye ninayemkinga, kumbe yeye anasimama pale mbele za watu akisoma uso wangu kama saa ya ukutani. Halafu hasira ikaniacha, nikabaki na kitu kibaya zaidi. Nilimwona akiwa gizani mwa lile banda, mbao mkononi, hasikii lolote, akitafuta uso wangu kwenye mwanga. Nililia. Nililia kwa sauti kubwa, na kwa mara ya kwanza nikashukuru kwamba hasikii.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza baadaye.

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ile karatasi ya kliniki, imechakaa kwenye mikunjo. Akaniwekea mapajani. Sikuifungua. Tukakaa hapo mpaka jirani akawasha mashine yake tena.

Jumatatu iliyofuata tukarudi kwa muuza mbao.

"Buda, mmerudi? Wakwe walikataa kufungua?" akasema yule mtu. Sikucheka. Tangu siku hiyo sichekicheki ovyo mbao ikiwa hewani.

Mume wangu akanishika kiwiko, akaniingiza ndani ya banda, akanisimamisha kando ya ubao uliong'oka ukutani, mahali penye mwanga. Halafu badala ya kuinua mbao mwenyewe akanipa mimi. Sikujua pa kushika. Miaka yote hiyo nimeranda, nimekunja, nimebandika, lakini kuning'iniza mbao kwa vidole viwili nikawa kama mtoto aliyepewa yai. Akanisogeza kidole chini kidogo. Nikafumba macho na kukigonga kipande cha kwanza, kile kilichonyooka, na Mungu wangu, ile sauti. Nilitaka kukichukua. Lakini mama wa Loresho alitaka mawimbi pia, amengoja maisha yake yote, na mimi ni nani nimpunguzie? Nikagonga cha pili, kile cha mawimbi madogo. Nikakigonga mara tatu, maana sikujiamini.

Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama, na penseli ilikuwa mbele yangu.

"Tia," akasema.

Msalaba wangu ulitoka umepinda.

Gitaa lile lilituchukua wiki kadhaa. Sitasimulia yote, mbavu moja ilipasuka kwenye bomba nikaanza upya, mvua ikaja gundi ikagoma kukauka, na jioni nilikuwa nalala na viatu. Mume wangu alifunga nyuzi mwenyewe. Alizikaza huku mimi nikimwonyesha kwa kidole, juu kidogo, chini kidogo, basi.

Mama wa Loresho alikuja Jumamosi asubuhi. Aligeuza gitaa, akapitisha kiganja kwenye yale mawimbi. Kisha akaketi kwenye lile benchi letu bila hata kulifuta, akatafuta kwa vidole vyake vigumu, akapata sauti tatu alizozijua tangu usichana, akaanza kuzipiga polepole, akizirudia.

Mume wangu alisimama upande wa pili wa meza. Alikuwa ananitazama.

Ningeweza kutabasamu tu. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa, na tabasamu moja lingetumaliza kazi, tukaenda nyumbani. Gitaa lilikuwa zuri. Nyuzi nene zililia kwa kifua kipana. Ila zile nyembamba hazikujaa, zilikuwa na ukavu fulani, na hilo lilitokana na kile kipande cha pili, na kipande cha pili nilikichagua mimi. Nikauacha uso wangu ufanye unavyotaka: zikilia nene nyusi zinapanda, zikilia nyembamba naangalia viatu.

Aliutazama, akatazama vidole vya mama kwenye nyuzi, akaurudia uso. Kisha akazunguka meza, akainama karibu na gitaa, akasema kwa ile sauti yake ya siku hizi, kubwa kupita kiasi, "Nene ziko sawa. Nyembamba ndizo zimekauka kidogo. Nitazirekebisha, utaona."

Mama wa Loresho akaacha kupiga, akamtazama kwa mshangao.

"Fundi," akasema, "wewe una sikio!"

"Eeh," akajibu mume wangu, macho yake bado yako usoni mwangu.